Makaratasi Kwanza, Mate Baadaye: Kufuatilia Jina la Ukoo Mombasa

Watu wawili hukutana arusini Kibokoni, wakagundua jina lao la mwisho ni moja, na kabla sinia la pilau halijaisha wameshaitana ndugu. Pengine ni ndugu kweli. Lakini sisi tuliozoea kukaa na makaratasi ya koo za hapa tumejifunza kusubiri, kwa kuwa jina la ukoo katika pwani hii limemfikia aliye nalo leo kwa njia nyingi, na damu ni mojawapo tu.

Kuna jina la kabila lililovuka bahari kutoka Oman au Hadhramaut, kama Mazrui, au yale yanayoanza na Ba-. Kuna jina la mji: aliyetoka Faza au Barawa akaitwa kwa huko alikotoka, na mwingine wa mji huohuo akaja miaka mia baadaye, asiye na uhusiano naye hata kidogo, akaitwa vivyo hivyo. Kuna jina la nyumba: mtumwa aliyeachwa huru aliendelea kutambulikana kwa jina la bwana wake, na wajukuu wakalirithi kama lao. Hili ndilo watu hawapendi kulisikia, na mara nyingi ndilo linaloeleza matokeo ya vipimo yanayowashangaza. Utumwa ulifutwa kisheria katika ukanda huu mwaka 1907, kwa hivyo hapa tunazungumza juu ya babu za wazee walio hai. Kuna majina ya Frere Town, kijiji kilichoanzishwa na wamisionari wa Church Missionary Society (CMS) miaka ya 1870 kwa ajili ya waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa: watoto wawili wasiojuana, mmoja Myao na mwingine Mmakua, waliweza kubatizwa kwa jina moja la Kiingereza. Na kuna jina lililozaliwa mezani kwa karani. Kipande, kitambulisho cha kikoloni, kilipoanza kutolewa karibu mwaka 1920, mtu wa bara aliulizwa jina la baba yake, akalitaja, na tangu siku hiyo likaganda kuwa la ukoo.

Kwa hivyo swali la kuandika juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari si "ndugu zetu ni nani?" Ni hili: nani wa kwanza kulitumia jina hili, wapi, na kabla yake watu wa nyumba hiyo waliitwaje? Ukiwa na swali hilo, kipimo cha vinasaba kina kazi ya kufanya. Bila hilo, utalipa pesa upewe orodha ya watu elfu moja wa Marekani na Ghuba usiowajua, nao hawakujui.

Anza na aliye mkongwe kuliko wote, na anza wiki hii. Mara nyingi ni bibi, wala si babu. Wanawake wa mjini ndio wanaojua nani alinyonya ziwa la nani, kwa sababu waliochangia ziwa hawaoani, na habari hiyo ilibidi itunzwe. Usimuulize "sisi tumetoka wapi?" Jibu la swali hilo limeshafunzwa kwa moyo: Oman, Shirazi, Yemen. Muulize nyumba. Nani alikaa chumba hiki kabla yako? Nyumba ilijengwa na nani, ikarithiwa na nani, kwa nini yule hakupata? Nani alizikwa Kikowani na nani alirudishwa kwao kuzikwa? Nani alimwita nani ami, na nani mjomba? Tofauti ya ami na mjomba ni hazina ambayo lugha nyingi hazina: ami ni upande wa jina, mjomba si upande wa jina. Rekodi kwa simu, kisha andika maneno yake kama alivyoyasema. "Mtoto wa fulani" kinywani mwa mzee huweza kuwa mjukuu, hata kitukuu, kwa hivyo rudi umuulize, "Wa kumzaa?"

Tarehe zina mitego yake. Mzee akikwambia mtu alifariki usiku wa Ijumaa, ni usiku wa kuamkia Ijumaa, na kwa kalenda ya ofisini bado ilikuwa Alhamisi. Cheti na kumbukumbu ya nyumbani zikipishana kwa siku moja, kwanza angalia hilo. Barua za zamani hutumia miezi ya mfungo: Mfungo Mosi ni Shawali, Mfungo Sita ni mwezi wa Maulidi, na kadhalika hadi Mfungo Tisa kabla ya Rajabu. Karatasi ya Mfungo Sita 1325 ni ya Aprili au Mei 1907. Miaka 33 ya Hijria ni kama 32 ya kalenda ya jua, kwa hivyo umri mkubwa ulioandikwa kwa Hijria huzidi kwa miaka miwili hivi. Pasipo tarehe kabisa, shika matukio: vita vya Mbaruk vya 1895 na 1896, reli kuanza kujengwa 1896, daraja la kuelea la Nyali la 1931, mgomo mkuu wa 1947. "Alikuwa anatambaa reli ilipoanza" ni ushahidi mzuri kuliko 1 Januari iliyoandikwa kwenye kitambulisho.

Kwa koo za Kigiriama tatizo ni jingine kabisa. Mtoto wa kiume hupewa jina la babu yake, kwa hivyo Kazungu Charo humzaa Charo Kazungu, naye humzaa Kazungu Charo. Karatasi mbili zenye jina lilelile, moja ya 1932 na nyingine ya 1975, si lazima ziwe za mtu mmoja. Baya zaidi, ndugu watatu wa baba mmoja kila mmoja humpa mwanawe jina la baba yao, na unapata watoto watatu wa ami zao wenye jina moja, umri mmoja na kijiji kimoja. Dawa ni kutoandika jina la mwanamume yeyote bila jina la mama yake na la mbari. Kwa Wadigo wa zamani ukoo ulifuata fuko la mama, na urithi ulitoka kwa mjomba. Anayelifuatilia jina la baba Kusini mwa Likoni akidhani ndiyo ukoo wenyewe anaweza kuwa anafuata kamba isiyofungwa kitu.

Jedwali liwe na safu chache zinazofanya kazi: nambari ya mtu, jina kama lilivyoandikwa, jina aliloitwa, lakabu, baba, mama, mtaa, chanzo, na siku ulipoipata habari. Safu ya "kama lilivyoandikwa" usiisafishe kamwe. Mandhry huandikwa Mandhri, Mundhri, Al-Mundhiri. Swaleh ni Saleh na Salih. Na karani wa Kizungu aliandika alichosikia. Kwenye hati za Kiarabu irabu fupi hazipo na p huandikwa kwa b, basi usishangae Pate ikisomeka Bate. Kabla ya kutafuta mahali popote, andika tahajia zote unazoweza kufikiria, kumi au kumi na tano, kisha utafute kila moja.

Sasa makaratasi yenyewe. Watu hukimbilia cheti cha kuzaliwa, nacho hutoa kidogo kuliko wanavyotaraji. Usajili ulianza na Wazungu na Wahindi mwanzoni mwa karne ya 20, na kwa Waafrika ulisogea wilaya kwa wilaya hadi nchi nzima ikafikiwa mwaka 1971. Mzee aliyezaliwa Changamwe miaka ya 1940 huenda alichukua cheti akiwa mtu mzima, kwa ajili ya pasipoti ya Hija. Tazama tarehe ya kusajiliwa, si ya kuzaliwa peke yake. Ikiwa zimepishana miaka thelathini, majina ya wazazi yaliyomo ni kumbukumbu ya mtu. Hayakuandikwa na mkunga.

Daftari la ndoa ni jambo jingine. Sheria ya kusajili ndoa na talaka za Waislamu ni ya 1906, na katika ukurasa mmoja unampata bwana harusi, bibi harusi, baba zao, mahari, mashahidi, na walii, yaani anayemwoza bibi harusi. Msome walii kwanza. Walii hufuata ngazi: baba, babu mzaa baba, ndugu, mtoto wa ndugu, ami, mtoto wa ami. Bibi akiozwa na mtoto wa ami yake, umepata mtu wa mlango mwingine (tawi jingine) wa jina lenu ambaye hayumo kwenye shajara, yaani mti wa ukoo, yoyote ya nyumbani. Akiozwa na kadhi mwenyewe, jiulize kwa nini hapakuwa na mwanamume wa upande wa baba: walikuwa wamekufa, walikuwa mbali, au hawakuwahi kuwapo kwa sababu baba yake aliletwa hapa peke yake?

Jalada la mirathi katika mahakama ya kadhi ndilo tunalolithamini kuliko yote, na inafaa kulitazama kwa karibu. Tuseme marehemu ameacha mke, binti mmoja, na mwanamume mmoja aliyetajwa kwa jina tu, bila kuelezwa ni nani. Mke anapata thumuni kwa kuwa kuna mtoto. Binti mmoja anapata nusu. Jumla ni sehemu tano kati ya nane, na zile tatu zilizobaki zinakwenda kwa yule mwanamume. Huyo basi ni asaba, jamaa wa karibu zaidi wa upande wa baba, na mgao wake umekwambia kitu kingine: hapakuwa na mwana, wala yeyote wa upande huo aliye karibu kumliko. Hesabu imeeleza nasaba ambayo karani hakuiandika. Lakini soma na sababu ya mgao. Fiqhi, sheria ya Kiislamu, humpa aliyemwacha mtumwa huru, au asaba wake, baki ya mali ya huyo aliyeachwa huru ikiwa hana asaba wa damu. Hiyo huitwa walaa. Ukikuta neno hilo katika hati ya zamani, jina moja pande zote mbili si ushahidi wa babu mmoja. Ni ushahidi wa kinyume chake. Andika hilo kwa penseli kando ya jina, maana utalihitaji siku majibu ya maabara yatakapokuja.

Ardhi nayo inasema. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwataka wenye madai katika ukanda wa pwani wayapeleke kwa msajili wa hati, na koo zilieleza zimerithi shamba kutoka kwa nani hadi kwa nani, pamoja na mashahidi na washirika wa dai. Wakfu wa kizazi, mali iliyofungwa kwa ajili ya uzao, hutaja wanufaika: "wanangu na wana wao", mara nyengine kwa majina, na mara nyengine kwa kuwatoa wengine waziwazi. Faili za wakfu ziko chini ya tume yake hapa Mombasa, na anayeomba kuona ajiandae kueleza yeye ni nani katika hati hiyo. Gazeti rasmi la serikali, linalotoka tangu 1899, lina matangazo ya mirathi yenye jina la marehemu, mahali alipofia, na nani anaomba usimamizi akiwa nani wake. Matoleo mengi yanasomeka bure kwenye intaneti. Kutafuta kwa kompyuta hukosa majina yaliyochapishwa kwa wino uliofifia, basi ukishajua mwaka wa kifo fungua matoleo ya miaka miwili mbele uyapitie kwa macho.

Kwa koo za Rabai na Frere Town shika vitabu vya ubatizo vya kanisa, na usome safu zote, hata zile zinazoonekana hazina maana. Kabila la asili likiandikwa, au jina la kabla ya ubatizo, hilo ndilo jina lako halisi la kufuatilia. Barua za wamisionari wa CMS ziko Uingereza, katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Birmingham. Nyaraka za Taifa ziko Moi Avenue Nairobi, zina ofisi ya Mombasa pia. Nenda na nambari ya faili uliyoipata kwenye orodha, maana ukisema unatafuta "habari za ukoo wetu" hakuna anayeweza kukusaidia. Na kwa kuwa Mombasa ilikuwa chini ya Zanzibar tangu 1837, usiiruke hifadhi ya nyaraka iliyoko Kilimani, Unguja.

Ukifika hapo una shajara yenye milango, kila kiungo kina karatasi au jina la aliyesema, na viungo viwili vitatu vina alama ya kuuliza. Sasa ndipo mate yana maana.

Vipimo ni vya aina tatu, na kosa la kwanza ni kununua kisichohusika. Kromosomu Y hupita kutoka baba kwenda mwana bila kuchanganyika, njia ileile jina linayopita, kwa hivyo ndicho kipimo cha jina la ukoo. Mwanamke hana. Bibi anayetaka kulijua jina la baba yake amtafute kaka yake, ami yake, mtoto wa kiume wa kaka au wa ami. Mwanawe mwenyewe hafai, yule ana Y ya mumewe. Vinasaba vya mitokondria hupita kwa mama kwenda kwa watoto wote, navyo vinalingana na fuko la Kidigo vizuri kuliko jina lolote. Kipimo cha tatu, cha kromosomu zote nyingine, huonyesha jamaa wa pande zote lakini nguvu yake huisha baada ya vizazi vitano hivi. Kipimo cha maabara ya mjini cha kuthibitisha baba wa mtoto si chochote katika hivi. Kinatazama alama (sehemu teule za vinasaba) ishirini na kitu, kinajibu swali moja, na hakiwezi kukulinganisha na ukoo.

Katika Y, usinunue alama 12. Watu wasio na uhusiano wowote wa maana hulingana 12 kwa 12, hasa katika makundi ya nasaba ya kiume yaliyojaa watu, kama J-P58 ya Waarabu na E-M2 ya Wabantu. Anza na 37. FamilyTreeDNA, kampuni ambayo miradi mingi ya majina ya ukoo imo, huwaonyesha watu kuwa wamelingana ikiwa tofauti haizidi 4 kwa alama 37, 7 kwa alama 67, na 10 kwa 111. Bei hushuka karibu na tarehe 25 Aprili na mwishoni mwa Novemba. Fedha za ukoo zisitumike miezi mingine bila sababu.

Wa kupimwa kwanza ni wawili tu: wanaume wa milango iliyo mbali kabisa, ambao babu yao wa pamoja ni yule wa juu kwenye shajara. Wakilingana, umethibitisha mistari yote miwili kwa mara moja. Koo nyingi huanza kwa kumpima mwenye pesa na kaka yake. Hapo umethibitisha kwamba ni ndugu, jambo ambalo mama yao alishalisema.

Kuchukua sampuli kunaonekana rahisi na ndiko kunakoharibika. Kijiti cha pamba husuguliwa ndani ya shavu kwa nguvu kiasi, karibu dakika moja kila upande, kinachotakiwa ni seli za shavu wala si mate. Kwa mzee wa Mombasa kazi ni kumtoa kwenye uraibu. Tambuu, miraa, tumbaku, hata kahawa tungu na halwa vikae mbali kwa saa nzima, asukutue kwa maji matupu mwanzoni mwa hiyo saa, na wewe ukae naye, maana ukitoka kwenda kununua bahasha utamkuta anatafuna. Kampuni zinazotaka mate yenyewe hupima hadi kwenye mstari bila kuhesabu povu, na mzee mwenye kinywa kikavu hujaza kwa tabu. Msugue mashavu kwa nje, mpe muda. Andika jina kwenye kichupa kabla hakijafunguliwa, upige picha ya nambari yake mkononi mwa mwenyewe. Ukipima wawili katika nyumba moja siku moja, maliza wa kwanza ufunge bahasha ndipo ufungue ya pili. Usiache kifurushi ndani ya gari juani. Tuma Jumatatu, kisilale posta wikendi.

Majibu huchukua wiki kadhaa, pengine miezi miwili au mitatu. Chukua ukoo wenye milango mitatu, Kuze, Kisauni na Malindi. Kuze na Kisauni wametofautiana alama 2 kati ya 37, wote ni wa kundi la J-M267. Kwa wastani alama moja kati ya 37 hubadilika kila vizazi vitano hadi kumi katika mstari mmoja, na mistari hapa ni miwili, kwa hivyo babu wa vizazi sita hivi nyuma anakubalika. Malindi ametofautiana alama 24, na ni E-M2. Babu wa kiume wa pamoja kati yake na wale wawili yuko makumi ya maelfu ya miaka nyuma. Hapo simu huanza kulia. Usitangaze. Kwanza ondoa uwezekano wa vichupa kubadilishana. Pili, mpime mwanamume mwingine wa Malindi, aliyetokana na mwana mwingine wa babu yao. Naye akiwa E-M2 anayelingana na wa kwanza, mabadiliko yako kwa huyo babu au juu yake, na unarudi kwenye makaratasi: palikuwa na walaa? Palikuwa na jina la mji, au la baba wa kambo? Akiwa J, basi mlango wa Malindi uko sawa na jambo limetokea chini, ndani ya nyumba moja. Utafiti wa ukoo unaishia mlangoni mwa nyumba hiyo. Habari ni ya mwenye sampuli, aambiwe peke yake, ana kwa ana, na yeye ndiye anayeamua.

Hapo pia ndipo huzuka hofu ya mirathi. Katika fiqhi nasaba hufuata ndoa, mtoto ni wa firashi (kitanda cha ndoa), na matokeo ya kipimo cha kujinunulia hayamvui mtu jina wala fungu. Mahakamani navyo vifurushi hivi havina uzito, kwani hakuna aliyeshuhudia ni shavu la nani lililosuguliwa.

Kutolingana na mtu yeyote hakumaanishi huna ndugu. Wanaume wa Ghuba wamepimwa kwa wingi, kwa hivyo mtu wa Mombasa mwenye asili ya Omani hupata majirani wengi kwenye orodha, na Mgiriama au Mjomvu hubaki na ukurasa mtupu. Ni hesabu ya waliolipa, basi.

Kwa kipimo cha kromosomu zote, urefu wa vipande mnavyoshiriki huhesabiwa kwa sentimogani, na wastani unaotumika ni huu: watoto wa ndugu wawili hushiriki kama 866, wajukuu wa ndugu wawili 229, vitukuu wao 73. Kati ya vitukuu, mmoja kati ya kumi hivi hashiriki chochote kinachoonekana. Kati ya vilembwe ni karibu nusu. Lakini hesabu hizo zilikusanywa zaidi kwa watu wasiooana ndugu. Mji wa Kale watu wameozana watoto wa ami kwa vizazi, na namba hupanda. Ukipata 140, tazama kipande kirefu. Kikiwa na 50 au zaidi, yuko babu wa karibu. Vikiwa vipande kumi na tano vya 8 hadi 12, mmefungamana kwa nyuzi nyingi za zamani, na hakuna babu mmoja wa kumtafuta.

Asilimia za asili, zile ramani za rangi ambazo watu hutumiana kwenye WhatsApp, ndizo zenye thamani ndogo zaidi. Kampuni hulinganisha na makundi iliyonayo, na sampuli za Kenya zinazotumika sana katika hifadhi za umma ni za Waluhya wa Webuye na Wamasai. Mdigo akiambiwa yeye ni Mluhya kwa sehemu kubwa, hakuna siri iliyofichuliwa. Wadigo hawakuwamo kwenye rafu. Kwa picha pana ya pwani, bora utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2023, uliosoma vinasaba vya watu 80 wa kale, wakiwemo wa Mtwapa, wengi wao wa kati ya 1250 na 1800. Kwa wengi wa miji ya pwani zaidi ya nusu ya vinasaba ilitoka Afrika, hasa kwa akina mama, na sehemu kubwa ya kile cha Asia ilitoka kwa wanaume wa Uajemi, mchanganyiko ukianza karibu mwaka 1000. Basi anayeambiwa Y yake ni ya Uajemi na anayesema mama wa mama zake walikuwa wa hapahapa, wote wawili huweza kuwa mtu mmoja. Na Y ni mstari mmoja: kwenye kizazi cha tano juu yako una watu 32, yeye anamsemea mmoja.

Kabla ya kijiti, idhini. Sheria ya Kenya ya kulinda data ya 2019 inahesabu vinasaba kuwa taarifa nyeti, lakini maabara iko nje, na seva ziko nje. 23andMe ilivuja taarifa za watu milioni 6.9 mwaka 2023, ikaomba ulinzi wa kufilisika Machi 2025, na ikauzwa mwaka huohuo pamoja na data zake. GEDmatch, ambako watu hupakia faili ili kulinganisha kampuni tofauti, humuuliza mtumiaji kama polisi waruhusiwe kulinganisha. Lisomeni swali hilo pamoja, kwa Kiswahili, kabla ya kubonyeza. Mtoto asipimwe. Mzee asiyeelewa akilini mwake kinachofanyika asipimwe hata kama wanawe wote wamekubali.

Kila akaunti ifunguliwe kwa barua pepe ya ukoo, si ya kijana aliyekuwa na simu nzuri mwaka ule. Jazeni sehemu ya mrithi wa akaunti siku ileile ya kufungua. FamilyTreeDNA huhifadhi masalio ya sampuli, na kipimo cha 37 kinaweza kupandishwa hadi 111 bila kumsumbua mtu tena, hata mwenye shavu akiwa ameshalala Kikowani, mradi aliyebaki na nywila ajulikane.